UZI: Gari la spoti kwenye barabara za Uganda – jifunze kusimama kabla ya kukimbia

#1 Kona_ya_Mabira (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kampala imejaa Subaru WRX, Lancer Evolution, Golf GTI, Toyota 86, na siku hizi hata Porsche unaiona ikipanda Kololo. Magari haya nayapenda sana, ndiyo maana nafungua uzi huu. Kila kikao cha wapenzi wa magari ninachokaa, mazungumzo ni nguvu za farasi ngapi, turbo gani, ekzosi inalia vipi. Ni nadra mtu kuuliza gari lake linasimama kwa mita ngapi. Kwangu mimi, dereva wa gari la spoti anajulikana kwa namna anavyopunguza mwendo. Mafuta kila mwenye mguu anaweza kuyakanyaga.

Hesabu ni hii. Ukiwa kwenye 100 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi breki ianze kushika. Hapo mita 42 zimeshapita na mwendo haujapungua hata kidogo. Kwa tairi nzuri kwenye lami kavu, breki zenyewe zinataka mita 49 hivi. Jumla mita 91. Sasa chukua gari lilelile na dereva yuleyule, mwendo 140. Mita 58 zinaliwa na ule muda wa kushtuka peke yake. Ng'ombe akiwa amesimama kwenye mita ya 91, wa 100 anasimama puani pake. Wa 140 anamgonga akiwa bado na zaidi ya 110.

Nimewaonyesha vijana wengi hesabu hii na wengi hudhani nimeikosea. Ndivyo ilivyo: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji unakuwa mara nne.

Breki kubwa zenye rangi nyekundu zinasaidia kubeba joto, lakini kinachokamata barabara ni tairi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili linatuhusu sisi hasa. Magari mengi yanatoka Japani na kupitia Mombasa, na baadhi yanafika kwenye bondi (yadi za magari ya kuagizwa) yakiwa bado na tairi za theluji. Tazama ubavuni: zimeandikwa STUDLESS, au zina alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Kashata zake zina mikato midogo mingi, na mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya saa nane mchana mpira huo unalegea, kashata zinachezacheza, na gari linachelewa kusimama na kuchelewa kugeuka. Nyingi zina herufi Q, maana yake zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi 160. Tairi ya kawaida ya gari la spoti ina V (240), W (270) au Y (300). Mtu ananunua Evo ya nguvu za farasi 280 na kuiendesha juu ya tairi za kutembelea Hokkaido mwezi wa Januari. Zitoe. Hata kabla ya redio mpya, zitoe.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Ikiwa 3418, tairi ilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2018. Mimi tairi ikipita miaka sita naitoa hata kama kashata bado ziko juu, na kashata zikifika milimita 3 naitoa hata kama ni ya juzi, kwa sababu ya mvua zetu. Upepo pima tairi zikiwa baridi, na fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usifuate mazoea ya kijana wa kujaza upepo.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

#2 Mwana_wa_Busia

Mkuu umenena. Ila mimi nina WRX, inavuta magurudumu yote manne. Natoka Busia kwenda Kampala mvua inanyesha na gari limetulia kabisa, wengine wanateleza. Kwa AWD naona hesabu yako inabadilika kidogo.

#3 Kona_ya_Mabira

Ndugu yangu wa Busia, haibadiliki. AWD inakusaidia kuondoka, kwa kuwa nguvu ya injini inagawanywa kwenye tairi nne badala ya mbili. Kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata Vitz. Na kwenye kona mshiko ni wa tairi, haujali injini inasukuma wapi.

Hatari ya WRX ndiyo hiyo unayoisifu: gari limetulia. Gari la kuvuta nyuma likiwa kwenye maji linakupa onyo mapema, unakanyaga mafuta kidogo na mkia unatikisika, unajua barabara imeharibika. Subaru inaondoka kimya kimya hadi 110, na wewe hujapata habari yoyote kuhusu lami mpaka siku unapohitaji breki. Kwenye mvua, sehemu iliyonyooka isiyo na mtu nyuma, gusa breki kwa nguvu kidogo usikie gari linajibu vipi. Hiyo ndiyo taarifa yako.

#4 Dada_wa_Mukono

Habari zenu jamani. Nimenunua Golf GTI, gia ni DSG (otomatiki ya klachi mbili). Kila siku napita msitu wa Mabira kwenda kazini Jinja. Moja kwa moja naiweza, lakini kona naziogopa: nyingine gari linaingia vizuri, nyingine nahisi kama linataka kutoka nje. Sijui nakosea wapi. Naomba maelezo ya taratibu, siyo ya mashindano.

#5 Kona_ya_Mabira

Dada karibu sana, na swali lako ndilo nilikuwa nalisubiri.

Tuanze na kiti, kwa sababu aliyekaa vibaya hawezi kulisikia gari. Makalio na mgongo viguse kiti vyote. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike juu ya duara bila bega kuachana na kiti. Kanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Kifua kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25, kwa ajili ya eabegi. Mikono iwe saa tatu na saa tisa. Ukikaa umelala nyuma kama vijana wanavyopenda, siku ya hatari utauning'inia usukani badala ya kuuzungusha.

Sasa kona yenyewe. Uzito wa gari haukai mahali pamoja. Ukikanyaga breki unakwenda puani, ukiongeza mafuta unarudi mkiani, ukigeuza unaegemea upande wa nje. Mtu aliyebeba beseni la maji kichwani anajua kugeuka: hakurupuki, anaanza polepole na kumaliza polepole. Gari linataka hivyohivyo. Ukilishtua, tairi zinashtuka.

Na mshiko wa tairi ni mmoja. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna uliobaki wa kugeuza. Nahisi shida yako iko hapa. Zile kona ambazo gari linataka kutoka nje, mara nyingi ni zile ulizoingia ukiwa bado na mwendo mkubwa, ukaanza kupunguza ukiwa ndani.

Kwa hiyo kazi kubwa ya breki imalizike wakati gari bado limenyooka. Ianze kwa upole, iongezeke, halafu iachie taratibu jinsi unavyoanza kugeuza. Usiiachie ghafla, maana pua inanyanyuka na tairi za mbele zinapoteza uzito ule uliokuwa unazisaidia. Kwenye DSG yako shusha gia kwa pedali ya usukani kabla ya kuingia, halafu usiibadilishe tena humo ndani. Katikati ya kona shika mafuta kidogo tu, ya kutunza mwendo. Mafuta ya kuondokea yaje pale unapoona mwisho wa kona na mikono imeanza kunyoosha usukani. Gari lako lina turbo, kumbuka: nguvu inachelewa kidogo kisha inakuja kwa pamoja. Ukikanyaga mapema, inakukuta katikati.

Macho nayo. Mtu akiangalia kona huangalia lami iliyo mbele ya boneti. Inua macho, angalia mbali kabisa pale barabara inapopotelea, mikono itafuata yenyewe. Mabira ina miti hadi ukingoni, hivyo huoni mbali. Mwendo wako uwe ule unaokuruhusu kusimama ndani ya kipande unachokiona. Nyuma ya kona ile kuna lori limekufa na matawi yamewekwa barabarani badala ya pembetatu, au kuna mtembea kwa miguu mwenye kuni.

Tarakimu kidogo. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu na tairi nzuri, mwisho wake ni kama 70 kwa saa, haijalishi ni gari la bei gani. Ikilowa, mwisho unashuka hadi kama 55. Hizo 15 zinazopungua huzioni kwa macho, barabara ni ileile.

Na pua ikikataa? Golf inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo itakachokufanyia ni hicho: unageuza usukani na gari linaendelea mbele. Mwili utakuambia uongeze kugeuza. Usiongeze. Punguza mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri. Tairi ikipata nafuu itashika tena, na utaisikia mikononi. Ni sehemu ya sekunde, ila inaonekana ndefu mno.

#6 Dada_wa_Mukono

Asante sana kaka. Ni kweli, breki huwa naendelea nayo hadi katikati. Leo jioni nimejaribu kumaliza mapema, gari limekuwa jingine kabisa.

#7 Dereva_wa_Kigezi

Mzee wa uzi, nikuongezee habari ya huku kwetu milimani, kwa sababu vijana wa Kampala wanakuja na magari mazuri na kuyafanyia kisichofaa.

Barabara ya Kabale kwenda Kisoro ukishapita Kanaba ni mteremko na kona, mteremko na kona. Aliyezoea otomatiki anaacha gia kwenye D na kukaa juu ya breki njia nzima. Disiki zinachemka, joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga pedali inakwenda hadi chini na gari linaendelea na safari.

Nimemwona mgeni mmoja gari lake likitoa moshi kwenye magurudumu ya mbele, akasimama na kutaka kuyamwagia maji. Tukamzuia: disiki yenye moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Akakaa kando hadi zikapoa zenyewe.

Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Ya pili, ya tatu, injini ikushike. Breki iwe ya kukanyaga kwa nguvu kidogo, kupunguza, kuachia ipumue, halafu tena. Na mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea sana.

#8 Fundi_wa_Katwe

Naunga mkono. Nami kama fundi niseme moja tu: kukata springi. Kijana anataka gari lishuke, anakata mizunguko miwili kwa grainda. Shokamzoba inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, ukifika kwenye tuta au shimo inagonga mwisho, na tairi inayorushwa juu haishiki chochote. Ukitaka gari lishuke nunua springi na shokamzoba zilizotengenezwa pamoja. Huna pesa, liache lilivyotoka kiwandani. Wale wahandisi walijaribu kuliko mimi na wewe.

#9 Turbo_ya_Kisenyi

Mimi nipingane kidogo kwa heshima zote. Mnataka mtu anunue gari la farasi 300, alipie ushuru mkubwa hivi, halafu atembee 80 nyuma ya taksi? Si bora anunue Premio? Ekspreswei ya Entebbe ipo, nafungulia pale usiku, barabara tupu.

#10 Kona_ya_Mabira

Ssebo, sikulaumu kwa hamu hiyo, ninayo pia. Ila tuiangalie barabara yenyewe. Ekspreswei ilifunguliwa mwaka 2018, tangu Januari 2022 tunailipia, na mwisho wake ni 100 kama barabara kuu nyingine. Usiku inaonekana tupu kwa sababu huoni kilichomo. Watu wanavuka kwa miguu, na gari lililozimika bila taa halitofautiani na giza. Kwa 180 gari lako linamaliza mita 50 kila sekunde, na ule muda wa kushtuka ni ukubwa wa kiwanja cha mpira tangu katikati hadi nyuma ya goli, na zaidi.

Halafu hebu nikuulize: 180 kwenye barabara iliyonyooka umejifunza nini? Umekanyaga, gari limekwenda. Aliyefanya kazi ni injini.

Nchi hii ina utamaduni mkubwa wa rali. Charles Muhangi alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999, na Pearl of Africa bado ni raundi ya ubingwa wa bara. Karibu yote hayo yamefanyika kwenye vumbi. Na vumbi ni mwalimu bora kwa sababu mshiko wake unaisha mapema. Jambo ambalo lami inakufundisha kwenye 100, ambapo kosa linaua, murramu inakufundisha kwenye 40 ndani ya uwanja mpana. Mkia unatoka polepole, una muda wa kuuona, kuangalia unakotaka kwenda, na kugeuza usukani kuelekea huko. Unajifunza pia kosa kubwa kuliko yote: kuachia mafuta ghafla katikati ya kona. Uzito unarukia puani, mkia unabaki mwepesi, unazunguka. Wenye Porsche 911, injini iko nyuma ya ekseli, hili liwakae kichwani kuliko wote.

Fuatilia kalenda ya FMU, shirikisho letu la vilabu vya mbio za magari. Viwanja vya Garuga na Busiika ni majina unayoyajua. Nenda kwenye matukio, ongea na wanachama wa vilabu, omba kukaa kiti cha abiria pembeni ya dereva wa rali. Dakika chache hapo utaona wanavyotumia breki, na utaelewa nguvu za farasi zinakuja nambari ngapi kwenye orodha. Eneo lililofungwa, kofia ngumu, gari la wagonjwa likisubiri, hakuna bodaboda. Hapo fungulia roho ipendavyo.

#11 Turbo_ya_Kisenyi

Hapo kwenye vumbi umenigusa mkuu. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nitaulizia.

#12 Mwana_wa_Busia

Nimerudi. Swali: kile kitufe cha VDC kwenye WRX. Jamaa wanasema dereva mzuri anakizima kwa sababu kinamzuia. Na ABS, mzee wangu alinifundisha kupampu breki. Ipi sahihi?

#13 Kona_ya_Mabira

Barabarani usikizime. Kwa Subaru na Nissan wanaita VDC, Toyota VSC, Mazda na BMW DSC, kazi ni moja: kompyuta inalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda, halafu inakamata breki ya gurudumu moja peke yake kulirudisha. Wewe una pedali moja ya magurudumu yote manne, huwezi kufanya hivyo hata ungekuwa bingwa wa dunia. Ukiona taa yake ya njano inawaka-waka kwenye kona, gari linakwambia ulipitiliza. Mimi ikiwaka mara moja safarini napunguza mwendo kwa safari yote iliyobaki.

Mzee wako alikuwa sahihi kwa magari ya wakati wake. Lenye ABS usipampu: kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie. Pedali itatetemeka na kukoroma, wengi wanaogopa wanaachia mguu. Shikilia, na geuza usukani kukwepa, maana ABS ipo ili gurudumu lisifunge uweze kugeuka. Jizoeze siku moja mahali pa wazi ili mtetemo huo usiwe mgeni kwako siku ya siku.

Ukiwa kwenye vumbi la uwanjani, ndiyo, kitufe cha VDC kizime, mwalimu akiwa pembeni.

#14 Mgeni_Njiani

Nimesoma uzi wote. Ijumaa nampeleka mama Gulu na Toyota 86, natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Barabara naambiwa ni nzuri, naweza kwenda wastani wa mwendo gani usiku?

#15 Kona_ya_Mabira

Ndugu, ukiwa na taa za chini, kitu cheusi kisicho na kiakisi unakiona kwa mita 50 au 60. Ukiwa kwenye 80 na barabara kavu unahitaji mita 65 kusimama. Kwa hiyo kila mara unapopishana na gari na kushusha taa, 80 tayari ni nyingi, na kati ya Luweero na Kafu utapishana na malori usiku kucha. Taa za juu zitumie pasipo na mtu mbele, safisha kioo ndani na nje, na ukimulikwa tazama mstari wa kushoto.

Lakini kama ni mimi na mama ndani, ningelala Kampala nikatoka Jumamosi alfajiri. Wekea tanki mafuta Ijumaa, pima upepo na mzigo wa wawili. Ukikaribia Karuma punguza mapema kabla ya daraja: nyani wanakaa barabarani wakisubiri chakula, na madereva wa mabasi wanawakwepa kwa kuingia upande wako.

#16 Mgeni_Njiani

Nimeongea na mama, tunatoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Tairi nimezitazama sasa hivi kwa tochi: W, wiki ya 11 mwaka 2023.